Rangi zilizotoka jikoni na shambani

Mtoto wa Kighare, wilayani Mwanga, akichanganya kijani na buluu, mzazi asimwite mzito wa kuelewa. Majina ya rangi huchukua muda.

Katika Kiswahili, nyeupe, nyeusi na nyekundu hufuata ngeli: kikombe cheusi, vikombe vyeusi. Rangi nyingine nyingi zimepewa majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni majivu, manjano ni binzari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Wayoruba wa Nigeria nao wana tatu za msingi: funfun, dudu na pupa.

Hivyo mtoto aoneshwe jani la mgomba na majivu ya jikoni. Kisha bibi amtajie rangi hizo kwa Kipare, angali yupo wa kumwuliza.