Trekta la Kitete na Ujasiri wa Kusema Basi

Ukiiacha lami pale Rhotia ukashika barabara ya vumbi jekundu kuelekea Mbulumbulu, mashamba ya ngano na mbaazi yanakusindikiza huku na huku. Upande mmoja ni msitu wa Ngorongoro, upande wa pili ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa linaonekana kule chini. Huko juu ndiko kiliko kijiji cha Upper Kitete, nami kila meneja anayenijia kutafuta mafunzo ya uongozi humwanzishia hapo.

Baada ya Uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kujenga vijiji vya mfano. Familia zilichaguliwa, zikapewa ardhi, mikopo, matrekta na maofisa wa kuzisimamia. Upper Kitete kilianza mwaka 1962, zao lake kubwa likiwa ngano. Mpango wa miaka mitano ulioanza 1964 ulikusudia vijiji vya namna hiyo zaidi ya 60, kila kimoja kwa gharama ya takriban pauni 150,000.

Sehemu nyingi hesabu zilikataa. Mashine zilikula fedha kuliko mavuno yalivyoweza kurudisha, madeni yakarundikana, na wakazi wakazoea kumngoja ofisa aseme lini walime. Mwaka 1966 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, akatangaza kwamba vijiji vipya vya aina hiyo havitaanzishwa tena. Mpango ulikuwa haujatimiza hata nusu ya muda wake.

Upper Kitete chenyewe, kwa udongo wake, mvua yake na zao lenye soko, kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyokwenda vizuri. Hapo ndipo ninapomheshimu Mwalimu kama msimamizi. Ilikuwa rahisi kukishika kijiji hicho kama ngao na kuuliza, "Mbona Kitete wanavuna?" Serikali yake haikukubali kishawishi hicho. Mameneja wengi hukikubali: tawi moja lililonawiri ndilo linalopelekwa kwenye kila kikao cha bodi, na matawi yanayovuja fedha hayatajwi.

Kikundi kimoja cha wakulima nilichokishauri kilikuwa na trekta la mkopo lililokaa juu ya mawe misimu miwili. Kuku walishaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Kila mkutano mwenyekiti aliomba wanachama wachange tena kidogo, kwa kuwa tulishatoa nyingi mno, tutaachaje sasa? Fedha iliyokwisha kuzama ilikuwa inaita nyingine iifuate. Nilipomsimulia habari ya 1966, mwenyekiti yule alinyamaza muda mrefu.

Ila sitaki kumchora Mwalimu kama mtu asiyekosea, maana hapo somo lenyewe linapotea. Septemba 1967 aliandika kwamba watu wasilazimishwe kuingia vijiji vya ujamaa. Ilipofika Novemba 1973 akatangaza kwamba kuhamia vijijini ni amri, na operesheni zikaswaga familia nchi nzima. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Alichokuwa amekiona miaka ya nyuma, kwamba mkulima asiyeamua mwenyewe hukaa akisubiri, kilimponyoka.

Kisha mwaka 1984, angali Ikulu, akasema waziwazi katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika yalikuwa makosa. Sheria ya kurudisha ushirika ilikuwa imeshapitishwa mwaka 1982. Sijui wakurugenzi wangapi leo wangeyasema maneno hayo wakiwa bado kwenye kiti.

Lakini hesabu miaka. Kosa la 1964 lilisimamishwa ndani ya miaka miwili, la 1972 likachukua zaidi ya kumi. Kila mwaka katikati hapo ulilipwa na mtu shambani. Ninapompima meneja, naangalia urefu wa kipindi hicho: tangu taarifa mbaya ya kwanza ifike mezani kwake hadi siku anapoiambia bodi kwamba wamekosea njia.

Mwenyekiti wa kikundi kile aliitisha mkutano baada ya mavuno. Akasimama, akawaambia wanachama kwamba kununua trekta kwa mkopo lilikuwa wazo lake na halikufaa. Katibu aliyaandika maneno hayo kwenye muhtasari, kisha wakaanza kujadili bei ya kuliuzia.