Ruvu Ikikauka, Ruvu Ikifurika

Ukame na mafuriko ni maadui wawili, lakini wakija nyumbani kwenu wanapita mlango mmoja: ndoo ya maji.

Kabla hujaendelea kusoma, hebu jiulize: maji uliyokunywa asubuhi ya leo yametoka wapi?

Kama unaishi Dar es Salaam, Kibaha au Bagamoyo mjini, huenda ukawa umekunywa mto Ruvu. Kama unaishi upande wa Chalinze au Ubena na bomba limefika kwenu, huenda umekunywa mto Wami. Kama bomba halijafika, basi ni kisima, au lile lambo mnalogombania na ng'ombe.

Wengi wetu tukisikia "mabadiliko ya tabianchi" tunafikiria barafu ya Kilimanjaro, au mikutano ya wakubwa inayotangazwa kwenye redio. Tunasema, "Hayo ni mambo ya wenye viwanda, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, tena sana. Kwetu sisi watu wa pwani, tabianchi ikibadilika tunaiona kwanza kwenye maji, na muda si mrefu tunaiona tumboni.

TABIANCHI NI NINI BASI?

Usichanganye mambo mawili. Hali ya hewa ni ya leo au kesho: jua kali, mawingu, mvua ya jioni. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu hupima miaka 30 au zaidi. Bibi na babu zetu waliijua bila kwenda chuo. Walijua masika huanza Machi mpaka Mei, na vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Wakapanda mahindi na mpunga kwa kufuata kalenda hiyo.

Sasa kalenda imeanza kuvurugika. Kwa nini? Dunia imechoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa zaidi ya miaka 150, na misitu mingi imekatwa. Hewa ukaa inayotokana na hayo inakaa angani na kuzuia joto lisitoke, kama mtu aliyejifunika blanketi mchana wa Februari. Katika miaka ya 2011 hadi 2020, dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 kuliko ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900.

"Nyuzi moja tu?" Usiidharau. Kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke wa maji zaidi kwa karibu asilimia 7. Maana yake ni nini? Pasipo na mvua, hewa yenye joto inafyonza maji zaidi kutoka ardhini, mitoni na kwenye majani ya mimea. Mvua ikija, hewa hiyo hiyo inamwaga mengi kwa mara moja. Ndiyo sababu mahali pamoja panaweza kupata ukame mkali mwaka huu na mafuriko mwaka ujao.

Tuseme ukweli pia: ukame na mafuriko vilikuwepo tangu enzi za mababu. El Niño haikuanza juzi. Lakini joto la dunia linaviongezea nguvu.

MTO UKIKAUKA

Ruvu unaanzia milima ya Uluguru huko Morogoro, unapita Mlandizi na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani kuna mitambo miwili mikubwa ya kusafisha maji: Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 katika wilaya ya Bagamoyo. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka hapo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika jiji hilo. Fikiria watu wote hao wakitegemea mto mmoja!

Mwaka huo huo wa 2022 mvua zilikuwa haba. Ilipofika mwezi Oktoba, kina cha Ruvu kilishuka vibaya. Uzalishaji wa maji ulianguka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu lita milioni 300. Jiji likatangaziwa mgao wa maji. Mabomba yakakohoa hewa, bei ya dumu ikapanda, na watu wakaamka usiku wa manane kukinga.

Sasa angalia jinsi mgao unavyogeuka kuwa ugonjwa:

Kwanza, maji yakiwa machache, watu wanabana pale pasipobanwa. Maji ya kupikia yatapatikana, lakini ya kunawa mikono baada ya kutoka chooni yanasahaulika. Hapo kuhara hakuko mbali.

Pili, watu wananunua maji ya mkokoteni au boza bila kujua yamechotwa wapi. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa, na bado yakawa na vijidudu.

Tatu, kila nyumba inajaza mapipa na ndoo. Yakiachwa wazi, yanakuwa hosteli ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue anapenda sana maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani, na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo usidhani mbu ni wa masika peke yake.

Nne, bahari inasogea. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Maji ya mvua yasipojaza ardhi, na visima vikachotwa kupita kiasi, maji ya chumvi yanaingia chini kwa chini. Mpango wa Taifa wa kukabiliana na tabianchi wa mwaka 2007 uliitaja Bagamoyo miongoni mwa mahali ambapo visima vifupi vimeingiliwa na maji ya bahari. Na chumvi nyingi mwilini hupandisha shinikizo la damu. Ni hatari zaidi kwa mama mjamzito.

Tano, na hili wavulana msome vizuri: maji yakikosekana, ni dada zenu wanaotumwa. Wanatembea mbali, wengine gizani, na wapo watu wabaya wanaotumia shida hiyo kuwarubuni. Msichana akifika shule amechelewa, anakuta choo hakina maji, na kama yuko kwenye siku zake anaona bora abaki nyumbani. Huo nao ni mzigo wa ukame, ingawa hauandikwi kwenye takwimu za mvua.

MTO UKIFURIKA

Haya, mvua imenyesha. Je, tumepona? Inategemea imenyesha kiasi gani, na tumejenga wapi.

Desemba 2011 mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likajaa na watu zaidi ya 40 wakafa. Familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Miaka kadhaa baadaye, mvua zilizochochewa na El Niño zilinyesha tangu mwishoni mwa 2023. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mafuriko na maporomoko ya ardhi, na zaidi ya 200,000 wameathirika. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, na Mafia, Kilwa na Lindi zikaumia.

Kuzama ni hatari ya kwanza. Hatari ya pili inakuja kimya kimya. Watu wengi mjini na vijijini wanatumia vyoo vya shimo. Maji yakipanda, kilichomo shimoni kinatoka nje, kinapita uwanjani na kuingia kisimani. Bomba lililopasuka nalo linanyonya maji machafu. Hapo kipindupindu kinapata usafiri wa bure. Maji yakipungua yanaacha madimbwi, na mbu wa malaria wanazaliana kwa raha zao.

Unaona sasa? Ukame unakuletea maji machache yenye uchafu. Mafuriko yanakuletea maji mengi yenye uchafu. Ugonjwa ni ule ule.

Mfano mzuri ni mwaka 1997. Ulianza kwa ukame, ukaisha kwa mvua za El Niño zilizokata barabara na kubeba madaraja. Mwaka huo wagonjwa wa kipindupindu walioripotiwa Tanzania walizidi 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi. Hawa hawakufa kwa sababu dawa haijagunduliwa. Kipindupindu kinatibika. Wengi hufa kwa sababu wanachelewa kurudishiwa maji mwilini.

UFANYE NINI?

Huwezi kuizima El Niño. Lakini mlango ambao ugonjwa unapitia uko nyumbani kwenu, na ufunguo unao wewe.

Tibu maji ya kunywa, hata yakionekana safi. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, au tumia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yaweke kwenye chombo chenye mfuniko na uchote kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe na vidole. Lakini kumbuka: kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, tafuteni chanzo kingine cha kunywa na mtoe taarifa.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Wakati wa mgao tengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia. Linatumia maji kidogo sana.

Funika mapipa. Mara moja kwa wiki yamwage na usugue kuta zake kwa ndani. Kwa nini kusugua? Kwa sababu mayai ya mbu wa dengue hugandia ukutani na yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Tupa vifuu, makopo na matairi yanayokaa maji.

Mtu akiharisha sana, mwanzishie maji yenye chumvichumvi papo hapo. Huna pakiti? Chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Viwe vijiko vya kufuta, si vya kujaza. Koroga, mpe kidogo kidogo, na mpeleke kituo cha afya. Akiharisha maji kama yaliyooshea mchele, usisubiri kukuche.

Ukipata homa kali na maumivu ya viungo, kapime. Si kila homa ni malaria. Usimeze aspirini wala diklofenaki kabla ya kupimwa, kwa sababu kama ni dengue zinaweza kukusababishia kutoka damu.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Ukisikia onyo la mvua kubwa, usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama jana ulivuka.

NA MAKOSA NI YA NANI?

Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Waliochafua sana ni wengine, na tuna haki ya kuwadai wapunguze na watusaidie. Lakini yapo ya kwetu. Magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara ya Morogoro yanatoka kwenye misitu ambayo kazi yake ni kushika maji ya mvua yaingie ardhini taratibu. Mikoko ya mdomo wa Ruvu inavunja nguvu za mawimbi na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Kila nguzo tunayokata inaifungulia bahari njia.

Serikali nayo ina wajibu wake. Bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya Ruvu kwa ajili ya miezi ya kiangazi, lilizungumzwa kwa miaka mingi, na mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022. Mambo kama hayo ni ya kufuatilia. Hata shuleni mnaweza kuanza: paa la madarasa manne likifungwa mabomba ya kukingia na tangi, linavuna maji ya kunawia ambayo leo yanapotea uwanjani. Waombeni walimu na kamati ya shule mlijadili. Anzeni na choo cha wasichana.

JADILINI KWENYE KLABU YENU

1. Maji ya shule yetu yanatoka wapi, na yakikatika wiki mbili tutafanya nini?
2. Choo kilicho karibu zaidi na kisima chetu kiko umbali gani, na kiko juu au chini ya kisima?
3. Nani katika nyumba zetu hutafuta maji, na kwa nini ni huyo tu?