Ariwara–Bunia: chini ya saa moja angani, barabarani hakuna anayejua

Ukichora mstari ulionyooka kutoka Ariwara hadi Bunia, unapata takriban kilometa 180. Kwa barabara, kupitia Aru, Mahagi na Djugu, safari hiyo hiyo inapita kilometa 300. Ndiyo maana wakaaji wa wilaya ya Aru wenye shida kwenye makao makuu ya jimbo la Ituri huuliza kwanza habari za ndege.

Hesabu ya rubani ni nyepesi. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, yenye injini moja, huenda karibu kilometa 300 kwa saa. Kilometa 180 zinakwisha kwa dakika 36. Upepo wa kilometa 40 kwa saa ukiipiga usoni, dakika zinakaribia 42. Ukiisukuma kwa nyuma, zinashuka hadi 32. Ongeza dakika kumi hivi za kupaa na kutua, na bado saa moja haijatimia. Anayeshukia Aru anaruka kilometa 160 tu, ila anabakiwa na kilometa zaidi ya 30 za pikipiki mpaka soko la Ariwara.

Kazi ni kupata kiti. MAF, shirika la kimisionari lililokuwa na kituo Nyankunde kabla ya mauaji ya Septemba 2002, linarusha ndege zake kutoka Bunia. UNHAS, ya Umoja wa Mataifa, hubeba wafanyakazi wa misaada, si mama muuza vitenge. Na hata aliyepata nafasi anapimwa kilo pamoja na mzigo wake. Mvua ikilowesha kiwanja cha udongo, rubani hatui. Giza likiingia, kiwanja kisicho na taa kimefungwa.

Barabarani ni mambo mengine. Tangu machafuko yaliporudi Djugu mwishoni mwa 2017, sehemu ya barabara ya kitaifa namba 27 kati ya Bunia na Mahagi imeshuhudia mavizio mengi, mengi yakihusishwa na wanamgambo wa CODECO. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 iliwapa wanajeshi utawala wa jimbo, lakini madereva waliendelea kusubiri kusindikizwa. Muda wa kusubiri hauingii kwenye hesabu ya kilometa.

Kwa mgonjwa, familia nyingine huona afadhali Arua, upande wa Uganda, umbali wa kilometa 25 hivi kwa mstari ulionyooka. Shilingi za kulipia tayari zinazunguka sokoni Ariwara. Lakini Arua haisaidii mwenye kesi ya rufaa, wala mtumishi wa serikali anayefuatilia faili lake. Hao ni lazima wafike Bunia.

Wapo wanaoamua kuzunguka Uganda: wanavuka mpaka Vurra, wanashuka kwa lami hadi Ziwa Albert, wanapanda mtumbwi wa injini kwenda Kasenyi, kisha wanapanda mlima kuingia Bunia. Safari inaanzia Kongo na kuishia Kongo, ndani ya jimbo lile lile. Hata hivyo msafiri husogeza saa yake mbele kwa saa moja Vurra, na kuirudisha nyuma akishuka Kasenyi.