Kaulimbiu za Kisiasa na Uenezaji Wake katika Mitandao ya Kijamii nchini Kenya

Utangulizi

Siasa za Kenya hazikungoja ujio wa simu za mkononi ndipo zianze kutumia kaulimbiu. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta alilitwaa neno "Harambee", ambalo lilikuwa wito wa watu wanaovuta au kuinua mzigo kwa pamoja, akalifanya kuwa wito wa taifa zima. Mwaka 1978, Daniel arap Moi alipoushika urais baada ya kifo cha Kenyatta, neno "Nyayo" lilipata maana mpya ambayo hapo awali halikuwa nayo katika kamusi yoyote. Maneno hayo yalikuwa na njia moja kuu ya kusafiri: kutoka jukwaani hadi kwenye redio ya taifa, na kutoka redioni hadi shuleni, barazani na sokoni. Mwananchi aliitikia, hakuwa na nafasi kubwa ya kulibadilisha neno hadharani na kulirudisha kwa aliyelitoa.

Makala haya yananuia kueleza jinsi hali hiyo ilivyogeuka katika zama za mitandao ya kijamii. Tutadai mambo mawili. Kwanza, kwamba umbo la Kiswahili chenyewe limechangia sana wepesi wa kaulimbiu kuenea. Pili, kwamba umbo hilo hilo limezua swali zito la kisheria na kimaadili, yaani: neno likishasemwa na watu milioni, ni nani anayewajibika kwa maana yake?

Kaulimbiu kabla ya mitandao

Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, Raila Odinga alimuunga mkono Mwai Kibaki kwa maneno mawili tu: "Kibaki Tosha". Kisarufi, kauli hiyo ina upungufu. Kitenzi "tosha" hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Tungetarajia "Kibaki anatosha". Lakini upungufu huo ndio uliokuwa nguvu yake. Bila ya viambishi, neno hubaki kama muhuri unaoweza kupigwa baada ya jina lolote. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka iliyofuata "tosha" iligeuka nomino: Wakenya husema kwamba kiongozi fulani angali anangoja "tosha" kutoka kwa fulani, wakimaanisha idhini ya kugombea.

Katika mfano huu twaona jambo ambalo mitandao ililikuza baadaye, wala haikulibuni: kaulimbiu inayodumu ni ile inayoacha pengo. Msemaji hulijaza pengo hilo kwa jina lake, hasira yake au matumaini yake. Hali kadhalika "Inawezekana", iliyotumiwa na wafuasi wa Azimio katika uchaguzi wa Agosti 2022. Ukiichambua utapata i-na-wez-ek-an-a. Kiambishi cha ngeli i- hakirejelei nomino yoyote iliyotajwa, na kauli ya kutendeka imemwondoa mtenda. Ni nini kinachowezekana, na ni nani atakayekiwezesha? Sarufi haisemi, msikilizaji hujijibu mwenyewe.

Alama ya reli na neno lisilo na nafasi

Mitandao kama vile Twitter, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X, hukusanya mazungumzo kwa kutumia alama ya reli inayotangulia neno. Alama hiyo ina sharti moja dogo: hukoma inapokutana na nafasi tupu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza hana budi kuyashikanisha maneno matatu au manne kwa nguvu, na msomaji huyatenganisha kwa macho. Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ambishi-bainishi, tayari kina sentensi kamili ndani ya neno moja. Neno kama "hatupangwi" limebeba ukanushi, nafsi, kitendo na kauli ya kutendwa bila ya kuhitaji nafasi hata moja. Laweza kuwekewa alama ya reli jinsi lilivyo.

Mfano ulio maarufu zaidi ni "hatupangwingwi". Asili yake ni wimbo wa mwaka 2021, "Sipangwingwi", wa msanii Exray akishirikiana na Trio Mio na Ssaru. Katika kampeni za mwaka 2022 William Ruto na wafuasi wake waliligeuza kutoka umoja kwenda wingi: "si-" ya mtu mmoja ikawa "hatu-" ya kundi. Tazama sasa kilichofanyika mwishoni mwa neno. Umbo la kawaida ni ha-tu-pang-w-i. Sheng imekariri silabi ya mwisho, "ngwi", nayo si mofimu: ni mabaki ya mzizi, kiambishi cha kutendwa na kiishio yakiwa yamebanwa pamoja. Ukariri huu umeongozwa na sikio, haukuongozwa na sarufi. Hauongezi maana ya kamusi. Huongeza mdundo na dhihaka, na humwezesha kijana anayelisikia kwa mara ya kwanza kulikumbuka kwa mara ya pili.

Baada ya kuzaliwa, neno la namna hii hupitia hatua zinazotambulika. Hutamkwa katika wimbo au mkutano. Hukatwa likawa kipande cha video cha sekunde chache. Kipande hicho husambazwa katika makundi ya WhatsApp. Na katika TikTok sauti ile ile huchukuliwa na watu wengine, kila mmoja akiiwekea picha zake. Katika hatua ya mwisho sauti ni ya mwanasiasa au msanii, lakini uso ni wa mwananchi. Hapo ndipo kaulimbiu inapoacha kuwa mali ya chama.

Kanga na simu

Baadhi ya wataalamu huenda wakaona kwamba haya ni mageni kabisa. Sisi hatuoni hivyo. Mwambao wa Afrika Mashariki una chombo cha kale kinachofanya kazi iyo hiyo, nacho ni kanga. Jina la kanga ni kauli fupi isiyo na mtunzi anayejulikana na msomaji. Mwanamke ajitandapo kanga yenye kijembe na kupita mbele ya mlango wa hasimu yake, amesema na hakusema. Akiulizwa, atajibu kwamba amevaa nguo tu. Mtu anayesambaza kaulimbiu katika simu yake ana kinga hiyo hiyo: atasema kwamba ameipokea tu na kuipitisha.

Tena kuna majibizano. Mwaka 2025 wapinzani wa serikali walieneza neno "wantam", kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya muhula mmoja, wakidai kwamba Rais Ruto asirudi madarakani baada ya uchaguzi wa mwaka 2027. Wafuasi wake walijibu kwa "tutam", yaani mihula miwili, ambayo ndiyo kikomo kinachowekwa na Katiba ya mwaka 2010. Mnyambuliko huu wa jibu kutokana na swali ni desturi ya malumbano tunayoijua katika ushairi wetu: mjibuji hushika mizani na vina vya mpinzani wake, akabadilisha maana. Kifonolojia pia neno hili linafaa kuchunguzwa. Mikopo ya zamani ilipewa irabu mwishoni, kama "benki". "Wantam" imeachwa na konsonanti yake, nayo "tutam" humfanya msikilizaji wa Kiswahili asikie ndani yake kiambishi cha nafsi "tu-", ingawa asili yake ni tofauti.

Lakini ulinganisho na kanga una mipaka yake. Mvaaji wa kanga huonekana na mtaa mzima, na mtaa unamjua. Katika mtandao mtu aweza kujificha, na aweza pia kulipwa. Uchunguzi uliochapishwa na shirika la Mozilla mwaka 2021 ulieleza jinsi watu walivyokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 ili kusukuma alama za reli za kisiasa katika Twitter nchini Kenya. Kwa hiyo wingi wa sauti si ithibati ya wingi wa watu. Kampuni zenyewe zimetambua hatari ya kasi: Januari 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kupitisha ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja.

Neno mbele ya sheria

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua watu zaidi ya 1,000, zilileta Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 pamoja na tume ya kuisimamia. Aprili 2022 tume hiyo ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki. Miongoni mwake yalikuwamo "madoadoa" na "hatupangwingwi", na suala la neno hili la pili likafikishwa Mahakama Kuu.

Maneno haya mawili yanafanana kwa umbo, kwa kuwa yote yamejengwa kwa ukariri. Lakini historia zake hazilingani. "Madoadoa" ni wingi wa alama ndogo ndogo katika nguo au ngozi. Hata hivyo, katika Bonde la Ufa neno hilo limetumiwa kuwaita majirani waliohesabiwa kuwa wageni, na waliofukuzwa makwao hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Kamusi haina sumu hiyo. Kumbukumbu ya watu ndiyo iliyo nayo. "Hatupangwingwi", kwa upande wake, imetumia kauli ya kutendwa bila ya kumtaja mpangaji. Kwa mmoja mpangaji ni serikali iliyopo. Kwa mwingine ni matajiri. Kwa wa tatu aweza kuwa ni jirani wa kabila jingine. Kuweka maneno haya katika orodha moja ni kudhani kwamba maana hukaa ndani ya neno, ilhali hapa maana inakaa katika matumizi yake, mahali pake na historia yake. Orodha humwadhibu kijana anayecheza, na humwachia mchochezi hodari atafute neno jingine lisiloorodheshwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kaulimbiu husafiri kwa wepesi kwa sababu ya ufupi wake, pengo lake la kisarufi, mdundo wake na urahisi wa kujibiwa. Mitandao haikuziumba sifa hizi; imezipa kasi na kuwaficha wasemaji. Yafuatayo ni majukumu yetu kama wanaisimu. Kwanza, hapana budi data hii ikusanywe mapema, pamoja na tarehe na muktadha wake, kwani kipande cha video hufutwa na kundi la WhatsApp huvunjwa, na ushahidi wa historia ya lugha hupotea nalo. Pili, mahakama na tume zinapoulizwa maana ya neno, zinahitaji maelezo ya mtu aliyeyafuatilia matumizi yake, wala si tafsiri ya kamusi peke yake. Baina ya neno linalochekesha na neno linalomtoa mtu nyumbani kwake kuna tofauti ambayo sikio la mtaalamu laweza kuibainisha. Tukinyamaza, wengine watatuamulia, nao wataamua kwa kuhesabu maneno.