Mashini mbili ziko sawa? Tuulize kwanza: sawa kwa kiasi gani

Saki ni moja, mawe ni yaleyale. Ku depo ya kwanza Metorex inaonyesha kobalti 1,8 kwa mia. Ku depo ya pili, mu njia ileile, inaonyesha 2,3. Mchimbaji mmoja wa Kolwezi alituonyesha hizo namba, ameziandika nyuma ya karatasi ya sigara, akatuuliza: "Sasa, mashini gani njo inasema bongo?"

Siye tunaotoka mu familia za migodi tunaijua hiyo hesabu bila kalamu. Pointi moja ya teneri ku tani moja ya mawe ni kilo 10 za kobalti. Nusu pointi ni kilo 5. Humo njo munatoka unga, na minervali ya watoto.

Ku depo ya kwanza walimujibu kwa adabu. Mashini yao, walisema, ilishapimwa pamoja na labo ku masaki matano, na "hakuna tofauti iliyoonekana". Hapo tunaomba tusimame kidogo, juu hilo neno linadanganya watu wengi, hata wale walioenda univerisite. "Tofauti haikuonekana" ni neno moja. "Ziko sawa" ni neno lingine kabisa. Ukishuka mu shimo na tochi ya pili zinazokufa, ukapanda na kusema "sikuona maji", wenzako watashuka na butu? Watakuuliza kwanza tochi yako ilikuwa inawaka namna gani.

Masaki matano ni tochi inayokufa. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Ku masaki matano depo inatofautiana na labo hivi: chini kwa 0,5, juu kwa 0,2, chini kwa 0,4, juu kwa 0,3, chini kwa 0,6. Wastani: depo iko chini kwa 0,2. Lakini namba zinaruka sana na masaki ni machache, kwa hiyo hesabu haiwezi kutoa jibu moja, inatoa nafasi: tofauti ya kweli inaweza kuwa popote, kuanzia chini kwa 0,6 mpaka juu kwa 0,2. Sifuri iko ndani ya hiyo nafasi, njo maana wanasema hakuna tofauti. Lakini 0,6 nayo iko ndani! Ni kilo 6 za kobalti ku kila tani. Na angalia ubaya wake: kadiri unavyopima masaki machache, ndivyo inavyokuwa rahisi kusema "hatukuona kitu".

Watu wa dawa walikutana na hiyo shida mbele yetu. Kiwanda kinatengeneza dawa ileile kwa bei ya chini. Utajuaje inafanya kazi kama ile ya kwanza? Mu mwaka 1987, Donald Schuirmann, mtu wa hesabu mu ofisi ya dawa ya serikali ya Marekani, alieleza njia ya kugeuza swali. Usianze na kusema ziko sawa mpaka tofauti ionekane. Anza na kusema haziko sawa, na anayetaka kusema ziko sawa, yeye njo alete ushuhuda. Unaweka mipaka miwili, wa chini na wa juu, na nafasi yote ya hesabu inapashwa kuingia katikati. Kwa dawa nyingi mipaka ni 80 na 125 kwa mia ya ile dawa ya kwanza, ukipima kiasi kinachofika mu damu. Ikitoka nje hata kidogo, hapana.

Turudi ku depo. Tuseme wachimbaji na negosia wamepatana mpaka wa 0,2, maana yake kilo 2 ku tani. Wanapima masaki 40. Wastani wa depo ni chini kwa 0,1, na nafasi ya hesabu inaenda kuanzia chini kwa 0,19 mpaka chini kwa 0,01. Sifuri haiko ndani: tofauti ipo, mashini inawaibia wachimbaji kidogo. Lakini nafasi yote imebaki ndani ya mpaka. Kwa ile njia ya zamani tungesema "haziko sawa". Kwa hii tunasema ziko sawa kwa kiasi tulichopatana. Watu wengine hii inawakasirisha. Siye tunaona ni haki, kama mpaka uliwekwa na watu wote wawili.

Juu hapo njo vita iko. Ukimwachia mnunuzi peke yake aweke mpaka, ataweka pointi moja nzima, na mashini yoyote itakuwa sawa. Ukiuweka kisha kuona namba, kila mtu atauvuta kwake. Mpaka unaandikwa mbele, na wote wanatia sahihi.

Kupima nako kuna akili yake. Metorex (watu wamezoea kuita hivyo hata mashini yenye jina lingine) inasoma paka ule uso wa jiwe uliowekwa mbele yake, na maji yanashusha namba. Kwa hiyo mawe yakaushwe, yasagwe, unga uchanganywe na ugawanywe mara mbili: nusu ku depo, nusu ku labo. Ku vifuko kuandikwe namba za siri, mupimaji asijue ni ya nani.

Labo inaomba pesa, na mutu mmoja hawezi kulipa vipimo 40. Lakini tangu kanuni ya migodi ilipobadilishwa 2018, mchimbaji anapashwa kuwa mu koperative, na koperative inaweza kuchanga.

Tulimwambia hayo yule baba wa karatasi ya sigara. Alifikiri, kisha akaandika 0,1 chini ya namba zake. Mwenzake akamnyang'anya kalamu: "Ukiweka 0,1, tutapima masaki mangapi? Nani atalipa?" Tuliwaacha pale wakiendelea kubishana.