Wachongaji Sita, Wapiga Msasa 768

Sogeeni karibu, maana hadithi hii ina vitu vya kuonyeshwa kwa kidole.

Msimu uliopita wa parachichi, matawi nyuma ya nyumba ya mama yangu hapa Mosocho yalilemewa hata tukayategemeza kwa miti. Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, aliuza mgao wake kwa madalali wanaopita na pikapu, akaongeza pesa za vifaranga alivyofuga mwenyewe, akafikisha shilingi 40,000. Jioni moja akaniletea bahasha.

"Mjomba, nataka kuunda kompyuta ya gemu. Niunde mwenyewe, nisinunue iliyoundwa."

Nilifurahi sana. Nikamuuliza, "Utacheza gemu gani, na utalitazama kwenye kioo gani?"

Akanyamaza. Mfukoni alikuwa na orodha ndefu ya vipande alivyoviona kwenye simu, na cha kwanza kilikuwa kasha lenye taa za rangi. Nikageuza karatasi, nikamwambia aanze upya upande wa pili. Juu kabisa aandike jina la gemu. Akaandika mpira, yaani EA Sports FC 24, mchezo ambao vijana bado wanauita FIFA. Chini yake aandike mahitaji yaliyotangazwa na watengenezaji wenyewe: RAM ya GB 8, nafasi ya GB 100 kwenye diski, na kadi ya picha isiyopungua GTX 1050 Ti. Kioo tulikuwa nacho tayari, ile televisheni ya nyanya yake yenye tundu la HDMI. Kwa mistari hiyo michache nusu ya orodha yake ya kwanza ikawa haina kazi tena.

Sasa niwaeleze kinachotendeka ndani ya kasha, maana ukinunua kitu usichokielewa, muuzaji ndiye anayekuchagulia.

Mliowahi kufika Tabaka mmeona namna mawe ya sabuni yanavyochongwa. Wachongaji wanakaa chini na visu na mapanga, kila mmoja akiona ndani ya jiwe kiboko au mama aliyebeba mtoto. Hao ni wachache, na kazi yao ni ya kuamua: kata hapa, acha pale. Jiwe likishachongwa linapelekwa kwa wanawake wenye mabeseni ya maji na karatasi za msasa. Hao wanasugua, wanasuuza, wanasugua tena. Kila mkono unafanya jambo dogo, lakini mikono ni mingi na yote inakwenda kwa pamoja.

Prosesa ndio wale wachongaji. Intel Core i5-8500, ya mwaka 2018, ina viini sita, kwa hiyo hesabuni wachongaji sita. Wao ndio wanaoamua mpira umegonga mwamba au umeingia, na kipa aruke kushoto au kulia. Kadi ya picha ndio wale wa msasa. GTX 1050 Ti ina viini vidogo 768, na kazi yao ni kupaka rangi kila nukta ya kioo. Sasa pigeni hesabu nami. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla 2,073,600. Mchezo ukienda vizuri, picha hubadilika mara 60 kwa sekunde moja, maana yake nukta 124,416,000 zinapakwa rangi kila sekunde. Wachongaji sita hawaiwezi kazi hiyo, hata wakiwa hodari namna gani.

Ndiyo maana kijana anayemaliza pesa zote kwenye prosesa ya nguvu, kisha akakosa kadi, hupata mchezo unaokwamakwama. Na anayenunua kadi ya bei kubwa akaifunga kwenye kompyuta ya zamani mno hupata hayohayo: wenye msasa wamekaa na mabeseni, mawe hayaji. Mpwa wangu alilielewa hili haraka kuliko nilivyolielewa mimi nilipokuwa umri wake, kwa sababu yeye Tabaka amefika.

RAM ni uwanja mbele ya wachongaji, mahali pa kuweka mawe yanayoshughulikiwa sasa hivi. Ukiwa mdogo, kazi inasimama kila mara jiwe moja lipelekwe ghalani na jingine liletwe. GB 8 zinatosha kuanza, 16 ni raha. Kama unaweza, chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, maana viwili vinapitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Diski ndiyo ghala. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na husoma takribani MB 150 kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, na hata ile ya kawaida inayofungwa kwa waya wa SATA hufika MB 500. Hapo sibishani na mtu: kompyuta ya gemu bila SSD ni mateso ya kusubiri.

Tukaja kwenye pesa. Njia ya kwanza ni kununua kila kipande kipya. Inawezekana kwa sababu vipande vimekubaliana vipimo. Tangu 1995, Intel ilipotoa utaratibu unaoitwa ATX, kasha la kampuni moja hupokea madabodi (ubao mkuu unaobeba vipande vyote) ya nyingine. Mwenye pesa zaidi angeweza kuanza na AMD Ryzen 5 5600G, prosesa ya 2021 iliyobeba sehemu ya picha ndani yake, acheze michezo myepesi bila kadi, kisha aongeze kadi mavuno yajayo. Ni mpango mzuri, ila kwa elfu arobaini ungetubana, hasa kwa kuwa bei za RAM zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, baada ya viwanda kugeukia mitambo ya akili bandia.

Njia ya pili ndiyo tuliyoifuata, nayo ndiyo ninayowashauri wengi wenu. Kuna kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya, sisi tunaziita ex-UK. Ofisi zinabadilisha, mashine zinakuja kwetu zikiwa na prosesa nzuri, RAM na diski humohumo. Unachokosa ni kadi ya picha tu.

"Lakini mjomba," akasema, "si nilitaka kuunda?"

Nikamwambia atafungua kasha, atapangusa vumbi, atabadilisha diski, atapanga RAM, atapaka dawa mpya ya kupoza juu ya prosesa na kufunga kadi. Atakayefanya hayo yote kwa mkono wake ameunda kompyuta, na asikubali mtu amwambie vinginevyo.

Tukapanda matatu hadi Kisii mjini. Duka la kwanza walimwonyesha kasha jembamba, zuri, limesuguliwa likang'aa. "Hii CPU ni kali, i5," muuzaji akasema. Kwetu neno CPU limekuwa jina la kasha zima, kwa hiyo muulize mtu anasema habari ya kasha au prosesa. Mpwa wangu alishatoa bahasha. Nikampa rula niliyokuja nayo. Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12. Akapima nafasi iliyokuwa nyuma ya kasha lile: sentimita nane. Kadi haingeingia, labda zile fupi ambazo ni adimu na mara nyingi ghali zaidi. Akairudisha bahasha mfukoni mwenyewe, bila kuambiwa. Kwangu hiyo ndiyo saa aliyojifunza kununua.

Jambo la pili la kuuliza ni kizazi cha prosesa. i5 ni jina la ukoo. Zipo za 2012 na zipo za juzi. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari hukuonyesha: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 cha nane. Hili lina uzito sasa, kwa sababu Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno. Mashine nyingi za kizazi cha tatu na cha nne zinauzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyo. Zinafaa kwa kazi za shule. Kwa gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, mtagombana nazo.

Sasa nifike kwenye kipande ambacho hakuna kijana anayekiota usiku, na ambacho mimi nakithamini kuliko vyote: pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea stima ya ukutani na kuigawa ndani. Miaka iliyopita niliunda kompyuta yangu ya kwanza, nikabana pesa hapo. Nilinunua boksi lililoandikwa wati 500, nikalibeba kwa vidole viwili. Lilikuwa jepesi kama kibuyu kikavu. Lilidumu wiki tatu. Jioni moja ulisikika mlio mdogo, paf, ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, na lilipokufa halikufa peke yake. Liliondoka na madabodi. Nililia, na sioni haya kusema hivyo. Tangu siku ile, boksi la wati 500 lililo jepesi kama kopo tupu silinunui, hata lipambwe vipi.

Uzuri wa mashine za ofisi ni kwamba boksi lao huwa la kweli, ingawa ni dogo. Tulilokuta ndani ya kasha pana tulilochagua hatimaye lilikuwa la wati 260. Je, linatosha? Prosesa ni wati 65. GTX 1050 Ti ni 75, nazo ndizo wati ambazo tundu la kadi kwenye madabodi linaruhusiwa kuitolea kadi, kwa hiyo aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada. Weka 40 za madabodi, diski na feni. Jumla 180. Inabaki akiba ya 80. Hesabu hiyo aliiandika yeye kwenye karatasi yake, palepale dukani, muuzaji akimtazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo tulipoingia. Na mjue kwamba makampuni mengi ya kompyuta za ofisi hutumia plagi zao za ndani zisizofuata ATX, hivyo kubadilisha boksi hilo baadaye si rahisi. Hakikisha linatosha kabla ya kulipa.

Mgao wetu ulikuwa hivi: 22,000 kwa kasha pana la ofisi lenye i5-8500, RAM ya GB 8 na SSD, 12,000 kwa kadi iliyotumika, 2,000 kwa gadi ya kukata stima inapopanda ghafla, 4,000 zikabaki kwa kibodi, padi, nauli na lisilotarajiwa. Bei hubadilika, nanyi mtazikuta nyingine. Lakini ile akiba ya mwisho msiiguse.

Kadi ilitupa shida. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa na stika ya 1050 Ti na tundu la buluu la VGA nyuma. Shuku ukiliona tundu hilo, kwa kuwa chipu halisi ya 1050 Ti haitoi picha ya VGA. Kuna watu wanaochukua kadi za zamani za Nvidia, wakabadilisha programu iliyo ndani yake ili zijitangaze kwa jina la nyingine. Tukaomba iwashwe, tukafungua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, na mbele ya jina la kadi pakatokea neno la Kiingereza linalomaanisha bandia. Tukashukuru, tukaondoka. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kweli, nayo tuliiacha ikicheza mechi nzima kabla pesa haijatoka.

Nyumbani tulitandika meza karibu na dirisha. Kabla ya kugusa kipande chochote mpwa wangu aligusa chuma cha kasha, ili umeme mdogo wa mwilini uishie hapo. Dawa ya zamani juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Akaifuta, akaweka mpya kiasi cha punje ya njegere. Akalenga kadi kwenye tundu, akaisukuma taratibu kwa dole gumba mpaka kibano kikasema tik. Nyanya yake akaja na sinia la ndizi za kuchemsha, akasimama kutazama. Picha ilipotokea kwenye televisheni yake, aliuliza kama sasa ataona taarifa ya habari au la. Wakapatana saa.

Siku mbili baadaye mchezo ukaanza kusitasita kwenye kona zenye wachezaji wengi. Mpwa wangu hakukimbilia kununua. Alishusha picha hadi 1280 kwa 720, yaani nukta 921,600, chini ya nusu ya zile za awali, na mpira ukatiririka. Mavuno yajayo ataongeza kijiti cha pili cha GB 8.

Limebaki jambo moja la kwetu hasa. Nyanda hizi za juu za Kisii na Nyamira hupigwa radi mara nyingi, na gadi ya elfu mbili haizuii radi iliyoanguka karibu. Ngurumo ikianza, chomoeni waya wa ukutani, na wa antena, na wa intaneti kama upo, hata kama ni dakika ya 89 na mnaongoza.

Basi wewe unayeweka akiba yako sasa, chukua karatasi leo. Andika gemu, kioo, wati za boksi na zile sentimita 12. Nenda dukani na rula.