Damu Husema Nini Virusi Vinapolemea Mapafu?

Mgonjwa wa UVIKO-19 anapolazwa akihema kwa shida, ndugu huuliza kama atapona. Majibu ya maabara hayawezi kuapa, ila hutoa dalili. Katika utafiti wa wagonjwa 191 wa Wuhan uliochapishwa Machi 2020, waliolazwa wakiwa na D-dima zaidi ya mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. D-dima ni mabaki ya damu iliyoganda kisha ikayeyushwa. Ikipanda sana, huenda mishipa midogo ya mapafu inaziba. Limfosaiti, chembe za kinga, nazo hupungua ugonjwa unapozidi.

Hata hivyo, D-dima hupanda pia kwa mjamzito, kwa mzee na kwa aliyetoka kupasuliwa. Kwa hiyo, mhudumu, usimhukumu mgonjwa kwa namba moja: linganisha ya leo na ya juzi, kisha mtazame anavyopumua. Na pasipo na vipimo hivi (ndivyo ilivyo katika vituo vyetu vingi), kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakina mbadala. Anayehitaji oksijeni ndiye anayenufaika na deksamethasoni; asiyeihitaji asipewe.